Jitu la Ngazi ya Mwisho

Kibanda cha mchonga funguo kilibanwa kati ya duka la simu na mlango wa jengo la ofisi, na wapita njia walikuwa na mzaha mmoja wa miaka yote: kwamba kibanda kilijengwa yeye akiwa tayari ndani. Hakuudhika. Mzaha ukishazeeka huwa kama jirani, unamsalimia na kuendelea na kazi. Alikalia kiti alichokiungia vyuma miguuni, tupa mkononi, miwani puani, akichonga funguo za nyumba ambazo hakuwahi kualikwa. Mwili wake ulikuwa umejaa taratibu, kama pipa lililoachwa chini ya bomba lisilofunga vizuri. Hakuna siku ambayo mtu angeweza kuinyooshea kidole na kusema, ni hii.

Aliishi na dada yake, fundi cherehani, katika vyumba viwili juu ya duka la vyombo. Chumba cha mbele kilikuwa cha cherehani, meza ya kukatia na vipande vya vitambaa vilivyotapakaa hadi mlangoni. Mama yao alipofariki, dada alikuwa msichana wa kuposwa na mdogo wake alikuwa bado hajaota meno yote. Posa zilikuja, zikamkuta na mtoto wa mama yake mgongoni, zikarudi zilikotoka. Hakuna aliyelizungumza jambo hilo nyumbani. Lilikaa tu pale kama kabati.

Figo za dada zilipokufa zote mbili, alianza kwenda hospitali kusafishwa damu, na kila alipotoka alirudi na uso wa kijivu na plasta mkononi, akakaa kwenye cherehani bila kukanyaga. Mdogo wake akajitolea kumpa figo moja. Vipimo vikachukuliwa, majibu yakarudi mazuri ajabu, daktari mwenyewe akatabasamu kabla ya kumtazama mtu aliyekuwa mbele yake.

"Figo yako inamfaa," daktari alisema. "Wewe ndiye hufai. Mwili huu nikiulaza mezani leo, nitazika wawili."

Akaeleza kwamba lazima apungue, tena sana, na arudi kabla ya mwisho wa mwaka, kwa kuwa mwili wa mgonjwa hausubiri mwenye afya ajipange. Njiani kurudi nyumbani dada alitembea polepole akishika ukuta. Alisema amemlisha mdogo wake maisha yake yote, kila siku akimwambia aongeze kijiko kimoja cha mama na kimoja cha baba, na sasa vile vijiko vimerudi kudai. Akacheka. Mdogo wake hakucheka.

Ndipo akaenda kwa Kocha.

Kocha alikuwa kijana mwenye mikono myembamba isiyo ya mtu wa vyuma. Kabla ya hapo alikuwa akitengeneza michezo ya simu, ile ambayo mtu anaifungua akisubiri chai ipoe kidogo, anakuja kuiona chai imekuwa maji ya kisima. Kampuni yake ilipopunguza watu alipanga ghala lililokuwa la mtambo wa uchapaji, akaleta vyuma, magunia ya mchanga na rangi. Aliamini kwamba anajua jambo ambalo walimu wote wa mazoezi hawalijui. Watu, alisema, hawaachi mazoezi kwa sababu ni magumu. Wanaacha kwa sababu hawajui wamefika wapi. Mwonyeshe mtu ngazi, mpe ushindi mdogo kila wiki, mpe kitu cha kuogopa kukipoteza, na mwisho wa njia mwekee jitu.

Basi ukuta mzima wa ghala ulichorwa ngazi, na picha ya kila mwanachama ilibandikwa kwenye kidato chake. Aliyebeba gunia kubwa zaidi alipanda. Aliyekosa wiki alishushwa, hata awe na sababu gani. Mwanamke mmoja aliyekwenda kumzika mumewe alirudi akajikuta chini kabisa, pembeni ya mtu aliyejiunga jana yake. Alilia mbele ya ukuta ule, kisha akabeba magunia siku hiyo kama mtu anayehamisha nyumba inayoungua. Kocha aliipenda sana hadithi hiyo. Kila mgeni aliyekuja aliisikia.

Na mchezo ulifanya kazi, Kocha apewe haki yake. Watu walioshindwa kupanda ghorofa moja bila kupumzika walikuwa sasa wanabeba magunia na kubishana kuhusu vidato kama watoto kwenye mchezo wa kombolela. Kasoro ilikuwa moja, nayo ilikuwa juu. Ngazi ya mwisho ilikuwa pipa la mchanga: ulibebe mgongoni kutoka mstari huu hadi mstari ule, upande wa pili wa ghala. Aliyefika alipigiwa makofi, na mwezi uliofuata haonekani tena. Mchanga hauna uso, Kocha alilalamika. Ukiushinda, umemshinda nani?

Mchonga funguo alipoingia siku ya kwanza, Kocha alimzunguka taratibu, kama mtu anayepima kabati kujua kama litapita mlangoni. Alisikiliza habari ya figo kwa makini, akatikisa kichwa kwa huruma, akampangia mazoezi ya kweli na chakula cha kweli. Mwezi wa kwanza mkanda ulirudi tundu moja. Dada aliichukua suruali, akaipunguza kiuno upana wa kidole, na alipokuwa akiipunguza alikuwa akiimba kwa sauti ya chini, jambo ambalo hakulifanya tangu augue.

Kisha jioni moja pipa likapasuka. Mchanga ulimwagika sakafuni wakati dereva wa lori, ambaye zamu yake ya ngazi ya mwisho ilikuwa imefika, ameshaleta mke, wakwe na shemeji waje kumtazama. Kocha alitupa macho ghalani. Macho yakasimama.

"Kaka, tusaidie," alisema. "Leo tu."

Mchonga funguo alipanda mgongoni mwa dereva wa lori, mashavu yakimuwaka moto kwa aibu. Dereva alikwenda, akafika katikati, magoti yakaanza kucheza, akaenda chini kama hema lililokatwa kamba. Halafu ghala zima likalipuka. Mchonga funguo alijiandaa kusikia kicheko alichokijua tangu shule, lakini hakikuwa kile. Watu walikuwa wanamkimbilia yeye. Walimpiga mabegani, walimshika mkono, mmoja akamwomba wapige picha. Halibebeki, waliimba, Jitu halibebeki. Kwa mara ya kwanza uzito wake ulikuwa kitu alichokifanya, si kitu kilichomtokea.

Pipa halikutengenezwa.

Dereva wa lori, kwa kuona haya, alimnunulia kuku mzima na viazi usiku ule, wakala pamoja kwenye meza ya pembeni huku watu wakitazama. Kocha aliwaangalia wakila, na kesho yake ikawa sheria: aliyeshindwa anamlisha Jitu. Aliifafanua kwa fahari, kidole kikichora duara hewani. Wakishindwa wanamlisha, akilishwa anakuwa mzito, akiwa mzito wanashindwa tena. Mchezo mzuri, alisema, ni ule unaojilisha wenyewe. Mchonga funguo alijaribu mara moja kukataa, akasema daktari amemkanya. Watu wakapiga meza kwa vijiko. Jitu linaogopa kijiko, walipokezana, Jitu linataka uji wa mtoto. Akala, na walipoona anakula wakashangilia kila tonge.

Alipouliza habari ya mazoezi yake mwenyewe, Kocha alimwekea mkono begani.

"Wewe si mchezaji tena, kaka. Wewe ni ngazi."

Picha yake haikubandikwa kwenye kidato chochote. Alichorwa ukutani, juu kabisa, mkubwa kuliko mlango. Na Kocha alimfundisha ufundi wake. Mtoto aliyelala ni mzito kuliko aliye macho, kila mzazi anajua. Basi usimshike anayekubeba. Toa pumzi yote, legea, mwili uache ufe. Mchonga funguo alijifunza haraka. Ghala likajaa watu. Barabarani vijana waliokuwa wakimcheka kibandani walianza kumsalimia kwa jina la Jitu, na yeye akawa anafunga kazi mapema, anajipaka mafuta, anakwenda.

Nyumbani aliulizwa mizani inasemaje. Inashuka, alijibu. Taratibu, lakini inashuka.

Suruali ndizo zilizokataa kusema uongo. Zile dada alizozipunguza hazikupanda tena mapajani, na hakuwa na uso wa kumpelekea. Akazifunga kwenye mfuko, akaenda kwa fundi mwingine, nyuma ya soko, mzee ambaye alimjua dada yake tangu zamani za kugombea wateja. Mzee alizipokea zile suruali, akageuza mshono, akautambua.

"Dada yako amekufa?" aliuliza.

"Amesafiri," mchonga funguo akajibu.

Mzee akamtazama juu ya miwani, akachukua chaki, akatanua kiuno hadi kitambaa kikaisha.

Dada aligundua akipiga pasi. Alisimamisha pasi, akaigeuza suruali ndani nje, akakaa nayo mapajani muda mrefu. Mdogo wake aliporudi alimkuta amewasha taa ya cherehani ingawa hakuwa akishona.

"Uzi wa nani huu?"

Alimwambia yote. Alianza kwa kujitetea, akamaliza kwa kusimulia jinsi wanavyomwimbia, na uso wake, bila yeye kujua, ulikuwa unang'aa. Dada aliuona ule mng'ao. Hakupaza sauti, hakutaja mgongo uliombeba wala posa zilizorudi. Aliuliza tu siku akibebwa hadi mstari wa pili itakuwaje. Mdogo wake akasema basi mchezo umekwisha, Jitu limeshindwa, Kocha itabidi abuni kitu kingine.

"Basi shindwa, mdogo wangu."

Ikawa imekubaliwa. Wiki ile zamu ilikuwa ya mama mmoja mbeba matofali kwenye majengo, mwanamke mfupi mwenye shingo kama kisiki, ambaye alikuwa amepanda ukuta ule bila kushushwa hata mara moja. Kwa huyo ungeweza kushindwa bila hila yoyote. Ilitosha kumshika vizuri mabegani na kuinamia mbele, na angevuka. Kisha mchonga funguo angeanza upya, muda ulikuwa bado upo, mchache lakini upo. Aliapa kwa mama yao. Dada akasema atakuja kutazama kwa macho yake, kwa sababu masikio yake yameshadanganywa vya kutosha.

Alikuja moja kwa moja kutoka hospitali, plasta ikiwa mbichi mkononi, akakaa kwenye benchi la ukutani. Mtu alimpa chupa ya maji, akalowesha midomo tu na kumrudishia, maana maji nayo alikuwa anapimiwa. Watu walimwuliza kama ni mama wa mchezaji. Alisema yeye ni wa Jitu. Wakampisha kwa heshima, wakamsogezea benchi mbele.

Mbeba matofali alijifunga kiuno kwa kanga, akamsogelea mchonga funguo.

"Samahani kaka," alimwambia kwa sauti ya chini. "Nikikubana vibaya, sema."

Akainama. Mchonga funguo akapanda, akamshika mabegani kama alivyoahidi, akainamia mbele. Mama yule aliondoka kama mtu anayepeleka matofali ghorofani, hatua fupi, bila haraka, akivuta pumzi kwa pua. Halibebeki, watu waliimba, halibebeki. Akapita pale alipoangukia dereva wa lori. Akapita pale walipoangukia wengine wote. Na hapo wimbo ukayumba. Sauti moja, ya mwanamke, ikasema anaweza. Ya pili ikaitikia. Muda si muda ghala zima likawa linaimba anaweza, mama anaweza, na mchonga funguo akiwa juu ya mgongo ule alisikia sauti zikimhama moja moja, kama watu wanaoondoka kwenye msiba uliokwisha chakula. Alitazama nyuso. Macho yote yalikuwa chini, kwa mama mwenye shingo ya kisiki. Hakuna aliyemtazama yeye, isipokuwa mtu mmoja kwenye benchi.

Mstari ulikuwa karibu kiasi cha kuweza kuutemea mate.

Akatoa pumzi. Mikono ikaachia mabega. Akalegea kuanzia shingoni hadi vidoleni, akauacha mwili ufe kama alivyofundishwa.

Mama aliusikia uzito ukigeuka. Alipiga hatua moja zaidi, akapiga nyingine, mishipa imemtoka shingoni, kisha goti likaingia ndani na kutoa mlio wa kuni kavu. Alianguka kifudifudi na mchonga funguo akaanguka juu yake. Halafu Kocha akaanza kupiga makofi, na wengine wakafuata, na wimbo ukarudi kwa mwenyewe, mkubwa kuliko siku zote.

Dada aliinuka kwenye benchi. Hakwenda kwa mdogo wake. Alikwenda kwa mbeba matofali aliyekuwa bado chini, akainama kwa shida, akamfunika mapaja kwa ile kanga iliyofunguka, akamwambia jambo ambalo hakuna mwingine aliyelisikia. Kisha akatoka akishika ukuta.

Sheria ni sheria. Mbeba matofali alikalishwa kwenye meza ya pembeni, mguu umefungwa bandeji na kuwekwa juu ya kiti, akaagiza kuku. Alisema kazini hataonekana kwa muda, labda asionekane tena, mguu ndio ulikuwa mshahara. Alisema bila lawama, kama mtu anayesimulia mvua. Akamsogezea Jitu sahani. Na Jitu akala. Hilo ndilo ambalo baadaye alishindwa kujieleza hata yeye mwenyewe: kwamba alikuwa na njaa.

Mwisho wa mwaka walikwenda hospitali wote wawili. Mizani ilimkuta mchonga funguo mzito kuliko siku aliyoanza. Daktari hakumgombeza. Aliiandika namba ile, akamgeukia dada, akazungumza naye yeye peke yake, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko kugombezwa. Moyo wa dada ulikuwa umechoka sasa. Hata mtu akimletea figo kwenye sahani leo, hataweza kumpasua. Dada alimshukuru. Akauliza kama anaruhusiwa kuendelea kushona. Akaambiwa afanye anachoweza.

Mchonga funguo hakukanyaga ghalani tena. Alidhani watakuja kumtafuta, na kweli Kocha alipita kibandani, lakini alikuwa amekuja kuchonga ufunguo. Wanachama walikuwa wameongezeka, alisema, na alihitaji funguo za mlango wa pili. Mchonga funguo alimchongea, akampulizia chuma kilichosagika, na katika kumpa akauliza, kama mtu asiyejali, nani yuko ngazi ya mwisho siku hizi. Kocha akasema wamempata mwenye bucha mmoja. Si mzito kama wewe, akaongeza kwa adabu, ila anakula vizuri. Juma lililofuata picha ya ukutani ilipakwa rangi, sura ikabadilishwa. Mwili ukaachwa ule ule.

Tangu hapo akaanza kupungua, bila kocha na bila ngazi. Sahani zake zilirudi jikoni zikiwa nusu. Wateja walimwuliza siri yake ni nini.

Jioni moja dada alimwita chumba cha mbele. Alikuwa ametandaza kitambaa cheusi juu ya meza ya kukatia, kizito, kizuri, cha aina ambayo huwawekea wateja wa harusi. Utepe wa kupimia ulikuwa shingoni. Akamwambia asimame chini ya taa, ainue mikono.

Alipouliza harusi ya nani, dada aliendelea kumpima bega hadi bega, pini zikiwa mdomoni. Alizitoa zote kwanza, akazichomeka kwenye mto wake.

"Ni nguo utakayonizikia," alisema. "Sitaki usimame mbele za watu na suruali iliyotanuliwa na yule mzee wa nyuma ya soko."

Dada akapitisha utepe kiunoni. Mikono yake haikufika kukutana upande wa pili, ikabidi amwambie ashike ncha moja, naye azunguke. Akashika. Dada akazunguka taratibu, akipumzika kidogo ubavuni, akipumzika tena mgongoni, mpaka akarudi mbele. Na mchonga funguo, kwa mazoea ya mtu mnene mbele ya fundi, akavuta tumbo ndani.

"Liache tumbo," dada alisema. "Siku hiyo utakuwa unalia. Mtu akilia hawezi kuvuta tumbo."

Akaliacha. Dada akasoma kipimo, akakiandika kwa chaki pembeni ya kitambaa, akachukua mkasi.

"Na nikishakata, usije ukapungua tena. Sina nguvu ya kurudia kazi."

Mchonga funguo akasimama hivyo hivyo, mikono juu, mpaka alipoambiwa aishushe.